Twiga Aliyezama

Kwenye lango la Jongoo siku hizi kuna kitu kimepungua. Watoto bado wanalia, wazazi bado wanafoka, spika iliyofungwa juu ya mlingoti bado inakoroma wimbo wake mmoja tangu asubuhi hadi jioni. Lakini ile sauti kavu, iliyokuwa ikipenya kelele zote bila kupandishwa, haipo tena. "Visigino chini." Hakuna anayesema hivyo sasa. Mpimaji mpya anasema "karibuni sana," anainama, anatabasamu hadi magego, na wazazi wanampenda.

Yule wa kwanza hawakumpenda, na yeye hakuwapenda vilevile. Walimwita Bi Kipimo. Alisimama pale langoni miaka kumi na tisa, mwanamke mrefu mwenye koti la buluu la kazi, vifungo vitano vya shaba vimefungwa hadi shingoni hata jua likiwaka vipi. Alikuja katika bustani ile ya michezo kama mfagiaji, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne. Meneja wa wakati huo alimtoa kwenye ufagio akampa lango kwa sababu moja tu: alikuwa hajawahi kumwona akicheka bila sababu.

Jongoo ni gari la reli la watoto, mabehewa sita ya bati yaliyopakwa rangi ya kijani, kichwa kina macho mawili kama sahani na meno ya kuchekea. Linapanda mlima mfupi, linashuka kwa kasi, linakata kona moja kali, linarudi lilikotoka. Safari nzima haifiki dakika mbili. Kwa ajili ya dakika hizo, watu wazima wenye vyeo na ndevu zao walikuwa tayari kusema uongo mchana kweupe, tena mbele ya watoto waliowafundisha wenyewe kwamba uongo ni dhambi.

Kando ya lango palisimama twiga wa bati, na shingoni mwake mstari mwekundu. Mtoto asiyefika mstari hapandi. Sheria ilikuwa hiyo, fupi kama hao iliyowahusu. Hapo ndipo Bi Kipimo alipousomea ulimwengu. Aliwaona akina mama waliowafunga binti zao mafundo ya nywele juu ya utosi, mafundo marefu kama chupa, ili nywele zipande Jongoo kwa niaba ya mtoto. Aliyabonyeza kwa kiganja, yakabonyea. Aliona viatu vilivyojazwa magazeti. Aliona baba aliyemshika mwanawe kwapani kwa vidole viwili, akimwinua kidogo kidogo huku akitazama mawingu kama mtu anayengoja mvua.

"Ana miaka saba huyu," baba yule alisema.

"Mtoto, una miaka mingapi?" Bi Kipimo akauliza chini.

"Mitatu."

"Anatania," alisema baba.

"Hajafika umri wa kutania," alijibu Bi Kipimo. "Anayefuata. Visigino chini."

Aliwadharau. Hatuna sababu ya kulipamba neno. Aliwadharau taratibu, kwa mpangilio, kama mtu anayekunja nguo. Aliwadharau wale waliokikalisha kwenye farasi wa kuzunguka kitoto cha mwaka mmoja na nusu, kitoto kinalia hadi kamasi zinaingia mdomoni, mama anakimbia pembeni na simu: "Cheka! Cheka hapa! Tazama anavyofurahia!" Aliwadharau walioitazama siku nzima ya watoto wao kupitia kioo kidogo cha simu, kisha jioni wakaketi kwenye benchi kuitazama tena, watoto wenyewe wakiwa wamelala miguuni pao kama mizigo. Aliamini kwamba bustani ile haikujengwa kwa ajili ya watoto hata kidogo. Ilijengwa ili wakubwa wapate ushahidi.

Kwa maana watoto wadogo aliwajua. Mtoto wa miaka miwili hana shida na mashine. Nyuma ya vyoo palikuwa na bomba lililovuja, na mbele ya bomba mfereji uliofunikwa kwa nondo. Ukidondosha kokoto kati ya nondo, inakaa kimya kidogo, halafu huko chini inasema chubwi. Bi Kipimo aliwaona watoto waliochuchumaa hapo nusu saa nzima, kokoto moja moja, kila chubwi ikiwafungua uso kana kwamba wameambiwa siri. Kisha mkono unashuka kutoka juu.

"Toka kwenye uchafu huo! Tumekuja hapa kufurahi!"

Na mtoto anaburutwa kwenda kufurahi.

Bi Kipimo aliona mengi na kusema machache. Jioni, turubai zikishafunikwa juu ya farasi na vikombe vya kuzunguka, bustani ilibaki na ule utulivu wa nyumba baada ya wageni wasiopendwa, na yeye alikwenda kwenye vyumba vyake viwili nyuma ya duka la matairi, akatia miguu kwenye beseni la maji ya moto, akakaa. Mwanawe alikulia pale langoni. Siku za likizo alimweka chini ya kiti chake na daftari la kuchora, na kila mwanzo wa likizo alimsimamisha kwa twiga kama mtoto wa mtu mwingine yeyote. Mwaka wa kwanza alipungua vidole vinne. Wa pili, viwili. Wa tatu, kimoja.

"Kimoja tu, Mama," alisema mtoto.

"Kimoja ni kimoja."

Mwaka wa nne Jongoo aliharibika mtambo akakaa chini ya turubai miezi kumi na miwili, na alipoamka mvulana alikuwa ameshaota aibu ya kupanda vitu vya kitoto. Hakupanda kamwe. Bi Kipimo hakuliwaza jambo hilo. Au aliliwaza, akaliweka mahali.

Mkosi ulianza na vigae. Meneja mpya, kijana mnene mwenye kofia ya rangi ya chungwa, alitaka malango yote yapendeze kabla ya likizo ndefu. "Watu wanapiga picha miguu yao pia, bi mkubwa," alimwambia. Waashi wakaja siku bustani imefungwa, wakamwaga zege juu ya sakafu ya zamani, juu ya zege wakapanga vigae vya rangi ya samawati, wakaondoka. Hakuna aliyemng'oa twiga. Walipanga vigae kumzunguka, kwa ustadi kabisa, na asubuhi iliyofuata Bi Kipimo alipofika alimkuta amesimama bila kwato.

Alimtazama muda mrefu. Halafu akaja mtoto wa kwanza, msichana mwenye kibyongo cha mkoba mgongoni, mtoto wa muuza puto, ambaye Jumamosi iliyopita alikuwa amepungua vidole viwili. Alisimama, visigino chini, na utosi wake ukavuka mstari.

"Amekua!" mama yake alipiga vigelegele.

"Kwa siku sita?" alisema Bi Kipimo.

Alikwenda ofisini kwa meneja siku hiyohiyo. Ofisi ilikuwa na feni, na picha kubwa ya meneja mwenyewe akiwa amembeba mtoto ambaye hakuwa wake.

"Sakafu imepanda vidole vitatu," alisema. "Mstari umeshuka vidole vitatu. Watoto wanaopita sasa, ile nondo ya behewa, ya kuwazuia kifuani, haiwafiki kifuani. Inawapita juu ya mabega."

"Bi mkubwa, vidole vitatu ni nini?"

"Ni mtoto kuteleza chini ya nondo."

"Umewahi kuona mtoto ameteleza?"

"Sijawahi. Ndiyo kazi yangu hiyo, kutoona."

Meneja akacheka, akageuza feni ielekee kwake. Foleni ya Jongoo ilikuwa haijawahi kuwa ndefu na yenye amani namna ile. Malalamiko yalikuwa yamekwisha. Alijiona kama mtu aliyeletewa baraka, kisha mwanamke mmoja anataka kuirudisha. Bi Kipimo alichora mstari mwingine kwa chaki juu ya ule mwekundu. Kesho yake ukakutwa umefutwa. Akauchora tena, ukafutwa tena. Mara ya tatu hakuchora. Kimo chake mwenyewe hakikuwa kimebadilika, na kwa miaka kumi na tisa mstari mwekundu ulikuwa umelingana na kifungo cha tatu cha koti lake. Basi alimsimamisha kila mtoto mbele ya tumbo lake, juu ya vigae vilevile alivyokanyaga yeye, akamtazama kwa juu. Utosi ukifika kifungo cha tatu, pita. Usipofika, rudi.

Mtu angedhani amewatukana wazazi.

"Tunapimwa kwa kifungo cha koti?" alifoka mama mmoja mwenye miwani ya jua kichwani. "Kwa twiga huyo kafika! Macho huna?"

"Twiga amezama."

"Ati nini?"

"Twiga amezama vidole vitatu. Anayefuata."

Neno likaenea. Wababa walilirudia kwenye foleni wakishikana mabega kwa kicheko. Twiga amezama! Mwite mzamiaji! Mmoja alimwinamia twiga akamuuliza kama anajua kuogelea, na wanawe wakacheka kwa sababu yeye alicheka, wakiwa hawajui ni nini. Bi Kipimo aliwatazama kama mtu anavyotazama maji machafu yakipita mbele ya mlango wake. Yatapita. Yeye na kifungo chake cha tatu walikaa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili alikuja mwanawe.

Alikuwa sasa mwanamume wa miaka ishirini na tatu, fundi wa kufunga vioo vya madirisha, na mkewe, na mtoto wao wa kiume aliyekaribia miaka minne. Bi Kipimo aliwaona kwa mbali kwenye foleni, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea. Mjukuu alikuwa amevaa shati lenye kola. Alikuwa na kokoto mkononi. Alishaupata mfereji, huyu.

"Bibi!" mtoto alipiga kelele. "Chini kuna maji yanaongea!"

"Najua, baba. Yanasema chubwi."

"Shikamoo, Mama," alisema mkwewe.

"Marahaba, mwanangu."

Mwana alimchukua mtoto kwa mabega, akamsimamisha kwa twiga. Visigino chini, bila kuambiwa. Alikuwa amejifunza hilo kwenye sakafu hii. Hakukuwa na gazeti kwenye viatu wala fundo kwenye nywele. Utosi wa mtoto ulikaa juu ya mstari mwekundu, safi, hakuna wa kubisha.

"Haya, Mama," alisema. "Amefika."

Bi Kipimo akainua mkono kuonyesha mahali mbele ya koti lake. "Mlete hapa."

"Amefika kwa twiga."

"Twiga amezama, mwanangu. Mlete."

Foleni ikaguna kwa raha. Hii ilikuwa tamu kuliko Jongoo mwenyewe. Simu zilitolewa mifukoni. Mwana alimtazama mama yake, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, ya mtu anayejizuia.

"Mimi ulinipima hapa miaka mitatu, Mama. Mitatu. Nilikuwa nalala nimejinyoosha kitandani ili nirefuke. Leo wangu amefika. Amefika haki yake. Unataka kuhamisha mstari?"

"Mstari wamehamisha wao."

"Bwana, hata mjukuu!" sauti ilisema nyuma. "Roho ya jiwe!"

Mkwewe akamgusa mkono. "Mama, mara moja tu. Mtoto ameota Jongoo wiki nzima."

Mtoto mwenyewe alikuwa akijaribu kupitisha kokoto kwenye mfuko wa shati. Hakuwa ameota Jongoo. Kama aliota kitu, aliota lile neno, kwa jinsi wakubwa walivyolisema.

Meneja alifika kwa sababu alisikia kicheko, na kicheko kikikusanyika mahali bila yeye kilimkosesha raha. Akaelezwa. Kofia ya chungwa ikageuka huku na huku, ikaona simu zilizoinuliwa, na meneja akajua mchezo wake. Alimnyanyua mtoto juu, akamwonyesha kwa foleni kama kombe.

"Hapa kwetu," alitangaza, "hakuna mtoto anayerudishwa akiwa amefika! Hata kama bibi yake ni mkali!"

Makofi. Akampitisha langoni, akampandisha behewa la kwanza, akashusha nondo. Nondo ilishuka ikasimama mbele ya shingo. Chini yake palibaki nafasi ya kupitisha mto wa kulalia.

Hapo Bi Kipimo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka kumi na tisa. Aliacha lango. Alitembea juu ya vigae hadi kwenye behewa, akainua nondo, akamtoa mjukuu wake kwa kwapa, akamkabidhi kwa mama yake bila kumtazama. Mtoto hakulia. Wazazi wake ndio waliokaribia.

"Fundi," alisema.

Fundi wa mtambo alikuwa mzee mwembamba aliyekaa kwenye kibanda chake na mikono yenye grisi, mtu ambaye katika maisha yake yote pale hakuna aliyewahi kumuuliza maoni. Kila asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, alikuwa akimpakia Jongoo mifuko ya mchanga na kumzungusha mara tatu bila watu. Mifuko ilikuwa ya kila uzito, imepangwa ukutani.

"Niletee wa kilo kumi na tano."

"Fundi, kaa hapo!" alisema meneja.

Fundi alimtazama meneja, akamtazama Bi Kipimo, akajipangusa mikono kwenye suruali. Kisha akautoa mfuko, mfupi, mnene, umefungwa kamba juu kama nywele, akauketisha mahali alipokuwa ameketi mtoto. Akashusha nondo hadi ikaingia meno. Akaitikisa kuonyesha kwamba imekaza.

"Gunia halina mikono," meneja alisema kwa sauti ya watu wote. "Mtoto anashika nondo!"

"Mtoto wa miaka mitatu akiogopa," alisema Bi Kipimo, "anafunika macho."

Kila mmoja kwenye foleni alikuwa na mtoto aliyewahi kufunika macho.

Fundi akawasha mtambo, na Jongoo akapanda mlima wake mfupi kwa mlio wa minyororo, mfuko ukiwa mbele peke yake, mnyenyekevu, kama mgeni wa heshima. Akashuka. Mfuko ulisogea mbele, ukagusa nondo kwa juu, ukabaki. Pumzi zikatoka kwenye foleni, na mtu mmoja akaanza kusema "Mnaona?" Ndipo Jongoo akakata kona. Mfuko uliinama ubavu, ukapita chini ya nondo bila kukwaruza hata kamba, ukatoka nje ya behewa, ukapiga nguzo ya uzio. Ulitoa sauti moja, nzito na laini. Ukapasuka. Mchanga ukamwagika taratibu.

Spika ilikuwa kati ya mwisho wa wimbo na mwanzo wake. Mwana wa Bi Kipimo alichuchumaa kumfunga mwanawe kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Akakishikilia tu kifundo cha mguu cha mtoto, akabaki hivyo.

"Tena!" alipiga makofi mjukuu. "Bibi, gunia liruke tena!"

Mtu angetegemea kwamba foleni ingetawanyika kwa aibu. Bi Kipimo hakutegemea, na hakukosea. Haikupita nusu dakika. Baba mmoja alimsogeza mwanawe mbele, akasafisha koo.

"Samahani, bi mkubwa. Huyu wangu ni mrefu kuliko lile gunia. Yeye si anaweza kupanda?"

Mama mwenye miwani ya jua alitaka kujua kama mchanga utazolewa haraka, maana muda unakwenda. Mwingine aliyekuwa na simu alimwomba fundi arudie, kwa kuwa mara ya kwanza kidole chake kilikuwa mbele ya kamera. Bi Kipimo aliwatazama wote, mstari mzima, kuanzia lango hadi kwenye kibanda cha puto, wakiwa na watoto wao mikononi, mabegani, viunoni, na kwa mara ya kwanza dharau yake ilimchosha. Ilikuwa imeshiba. Haikuwa na mahali pa kuongeza.

"Rudini nyumbani," aliwaambia. "Au nendeni nyuma ya vyoo. Kuna mfereji."

Mwanawe alisimama. Walikabiliana, warefu kwa urefu uleule.

"Ungeniambia kwa upole," alisema.

"Ningekuambia kwa upole ungempandisha."

Mwana akafikiri. Aliufikiria mwaka wa kidole kimoja. Ulipita usoni mwake wazi, ukapita usoni mwa mama yake pia. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa na si kwa kukubali. Mjukuu aliketi kwenye mchanga uliomwagika akachota kwa viganja, akamwaga, akachota. Walimwacha. Alikaa hapo mpaka saa kumi, na hakuna mtoto katika bustani nzima aliyefurahi kama yeye. Na hakuna aliyempiga picha.

Barua ilikuja siku ya tatu, imechapwa vizuri. Ilimshukuru kwa miaka yake na kumwachisha kazi kwa kuacha kituo, kuharibu mali, yaani mfuko mmoja wa mchanga, na kuvuruga furaha ya wageni. Wiki hiyohiyo meneja alileta mwashi, akavunja vigae kumzunguka twiga, akampandisha vidole vitatu bila kumwambia mtu sababu. Fundi alibaki, hakuna mwingine aliyejua kumwamsha Jongoo. Mwana hakufika kwa mama yake miezi miwili. Wa tatu alikuja na kioo, akabadilisha kile kilichopasuka cha dirisha la jikoni, akanywa chai, akamwacha mtoto hadi jioni.

Bi Kipimo sasa anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, zamu ya asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Anakunja mashuka.